Dawati: Neno Moja, Samani Tatu

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuhudhuria kikao cha ukoo huko Msalato, yapata kilomita 12 kutoka mjini Dodoma kwa barabara ya Kondoa na Arusha. Wasomaji wengi wanaijua Msalato kwa shule yake ya wasichana na kwa chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana, na siku hizi jina lake lasikika zaidi kwa sababu ya uwanja wa ndege. Mimi niliijua kwa sababu ya mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye nilikuwa nikimwendea kila nilipotatizwa na Kiswahili cha ofisi za zamani. Mzee huyo alikuwa amefariki, arobaini yake imekwisha kusomwa, na watoto wake walikuwa wamekaa kugawana mali. Sikuitwa kwa undugu. Niliitwa kwa ajili ya neno moja.

Marehemu aliacha wasia alioandika kwa mkono wake, kwa ile hati ya makarani wa zama zile, nyembamba na iliyolala upande kidogo. Humo alitaja kwamba dawati lake, pamoja na vilivyomo, apewe mjukuu wake wa kike aliyekuwa akimsomea magazeti tangu macho yalipoanza kufifia. Hakuna aliyepinga. Shida ilikuwa kulipata hilo dawati. Vijana walikwenda moja kwa moja uani, chini ya mkwaju, wakarudi wamebeba dawati la shule: benchi na ubao wake vimeungwa pamoja, na kijirafu chini ya ubao. Ndani ya kijirafu mlikuwa na maganda ya karanga na kopo la rangi iliyokauka. Wajomba wakacheka, wakaonyesha kidole sebuleni. Hapo ilisimama samani ya mninga, kimo chake cha kufika kidevuni, yenye mlango mpana unaofunguka kwa kulala mbele ukawa meza. Ndipo shangazi yao mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba wote wamekosea: dawati la kaka yake ni kile kisanduku chenye kifuniko cha mteremko, kilichowekwa juu ya kabati la nguo chumbani.

Samani tatu, na kila moja ina haki ya kuitwa dawati. Tena ilijulikana kuwa ndani ya mojawapo marehemu aliweka karatasi za shamba lake la mizabibu. Kicheko hakikudumu.

Nianze na ile ya sebuleni, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wafasiri. Waingereza huiita kwa neno lile lile wanalomwitia katibu, na Wafaransa vivyo hivyo. Mfasiri mwenye haraka huandika "meza ya katibu", na nimepata kuyaona maneno hayo katika orodha ya vifaa ya ofisi moja. Tazama matokeo yake. Msomaji wa orodha hudhani kwamba yupo katibu fulani na meza ni yake. Mtunza vifaa naye huweka mahali pake meza yoyote ya mhazili, hesabu ikatimia katika karatasi ilhali kitu chenyewe kimekwisha kuondoka. Neno la Kizungu latokana na Kilatini "secretum", yaani siri. "Secretarius" alikuwa kwanza mtunza siri za bwana wake, na uandishi ulimfuata baadaye, kwa kuwa siri za wakubwa zilitaka kuandikwa. Samani ilipopewa jina hilo haikupewa kwa sababu katibu huikalia. Ilipewa kwa sababu nayo hutunza siri: hufungwa kwa ufunguo, na kazi iliyoachwa nusu hubaki ndani bila kuonwa na mgeni.

Sisi tulipita njia nyingine. Katibu wetu ametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, nao ndio mzazi wa kitabu, maktaba, mkataba na katiba. Kwa hiyo katika Kiswahili katibu ni mtu wa kalamu kabla ya kuwa mtu wa siri. Tulipotaka kumpa sifa ya ukaribu na mkubwa wake tulilazimika kuongeza neno, tukapata katibu muhtasi, ambalo ni neno la ukoo mmoja na hasa na mahususi. Anayesema "meza ya katibu" ametafsiri herufi, lakini siri, ambayo ndiyo iliyozaa jina, ameiacha upande wa pili wa mto.

Jina jingine la Kifaransa, "bureau", lina historia ya kufurahisha. Mwanzo wake ni nguo: kitambaa kizito cha sufu kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia na kuhesabia. Jina likahama kutoka kitambaa hadi meza, kutoka meza hadi chumba kilimo meza, kutoka chumba hadi idara, na mwisho hadi ule utawala wa makaratasi ambao sisi tumeuita urasimu. Nalitaja kwa sababu dawati nalo limesafiri vivyo hivyo, hatua kwa hatua, pasipo lugha hizi mbili kuigana.

Asili ya dawati ni neno la Kiarabu lenye maana ya kidau cha wino. Huko Misri, katika enzi ya Wamamluki, aliyekabidhiwa kidau cha wino cha sultani aliitwa dawadar, na hicho kilikuwa cheo kikubwa cha dola, si utumishi wa kubeba vyombo. Kidau chenyewe yamkini kimetoka humo humo, ijapokuwa masikio yetu yamekifananisha na dau la kuvukia. Ikiwa ni hivyo, basi Kiswahili kililipokea neno moja mara mbili: kikabakiza kidau kwa wino, na dawati kikalipa kazi nyingine.

Kazi hiyo yaeleweka tukikumbuka namna watu wa pwani walivyoandika. Mwandishi hakuandikia mezani. Meza, kama jina lake la Kireno linavyoshuhudia, ni mgeni. Mwandishi alikaa mkekani au juu ya busati, karatasi kaiegemeza gotini au juu ya kitu kigumu, kalamu yake ya mwanzi ikichovya wino. Msahafu aliuweka juu ya marufaa. Alichohitaji kwa uandishi ni kisanduku cha kutia wino, kalamu, kisu cha kuchongea, karatasi na muhuri. Na kisanduku hicho kikipewa kifuniko chenye mteremko, chatosha kuandikia pia. Jina la wino likaenea hata likakifunika kisanduku kizima. Kutoka hapo, Wazungu walipoingia na meza zao zenye mteremko, dawati lilikuwa karibu kuliko neno jingine lolote, na kamusi za zama za ukoloni huziweka maana hizo mbili bega kwa bega: kisanduku cha vyombo vya kuandikia, na meza ya kuandikia. Mtunga kamusi hakuona mgongano. Katika nyumba nyingi kilikuwamo kimoja tu, na pengine hakikuwamo chochote.

Bara neno hili lilipanda pamoja na makarani. Ugogo ulikuwa katika njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na wasafiri walilipa hongo kwa wenyeji ili wapate maji na njia. Barua za wafanyabiashara zilipita hapa muda mrefu kabla ya bendera yoyote ya Kizungu. Wajerumani walipoanza kutawala waliwatumia maakida na makarani kutoka pwani, na lugha ya makarani ikawa lugha ya boma. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Baba wa marehemu wetu wa Msalato alikuja kwa reli hiyo, kijana wa Bagamoyo aliyejua kusoma na kuandika, akaoa Mgogo na asirudi tena. Kisanduku cha chumbani kilikuwa chake.

Waingereza nao, hasa baada ya sheria ya serikali za wenyeji ya mwaka 1926, walihitaji mtu wa kuandika katika kila baraza: kodi iliyolipwa, kesi iliyokatwa, ng'ombe waliotozwa faini. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiswahili. Ni tabaka hili la makarani na mahakimu wa mabaraza ambalo, pamoja na walimu, lilikifanya Kiswahili cha nyanda za kati kuwa lugha ya maandishi. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo na mshairi ambaye kila mwalimu wa fasihi anamjua, alipitia ukarani kabla ya kuwa hakimu, na historia yake ya Wagogo ilitoka mwaka 1954. Tunapozungumza juu ya samani za kuandikia, basi, hatuzungumzi juu ya mapambo ya nyumba za Wazungu peke yake.

Hata hivyo ile samani ya sebuleni ni ya Wazungu, na yafaa tueleze ilivyopata umbo lake. Hispania ya karne ya 16 ilikuwa na masanduku ya kuandikia yenye vishikio ubavuni, ambayo upande wake mmoja uliangushwa mbele ukawa ubao wa kuandikia. Yaliwekwa juu ya miguu na kubebwa safarini. Katika karne ya 18 Wafaransa waliifikisha kazi hiyo kwenye kilele. Meza ya mfalme Louis wa 15, iliyoanzwa na Jean-François Oeben mwaka 1760 na kumalizwa na Jean-Henri Riesener mwaka 1769, ilichukua miaka tisa, na kifuniko chake cha kukunja kiliyaficha makaratasi yote kwa mara moja. Mfalme huyo alikuwa na mawasiliano ambayo hata mawaziri wake hawakuyajua. Alikuwa na sababu ya kutaka meza ya namna hiyo. Huko Marekani, mwaka 1874, William Wooton wa Indianapolis alipata hataza ya kabati la kuandikia lenye mbawa mbili zilizojaa vishubaka, kila kishubaka kwa barua za aina yake.

Vishubaka hivyo ndivyo vinavyotuambia kwa nini samani hii ilitoweka maofisini. Zamani barua ilikunjwa, ikaandikwa mgongoni jina na tarehe, ikasukumwa katika kishubaka. Ilipokuja mashine ya kupiga chapa, na katika miaka ya 1890 kabati la faili ambamo karatasi husimama wima bila kukunjwa, vishubaka vilikosa kazi. Ofisi zikachukua meza bapa na makabati ya chuma. Samani yenye mlango wa kulala ikahamia nyumbani, kwa mtu anayeandika barua zake usiku na hataki wanawe wachezee karatasi.

Hapa pana jambo ambalo sijaliona likitajwa, nalo ndilo asili ya taabu yetu ya istilahi. Ofisi ya serikali katika Dodoma ilizaliwa na kukua katika zama za faili. Tangu mwanzo ilikuwa na jalada na masijala, na maneno hayo yamekaa imara. Samani ya vishubaka haikupata kuwa kifaa cha ofisi hapa kwetu kwa wingi wa kuifanya ihitaji jina rasmi. Ilikuja kama kitu cha nyumbani, na vitu vya nyumbani havitajwi katika nyaraka za serikali. Wakati Baraza letu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilipoanza kusanifu istilahi za utawala, kazi ilikuwa nyingi na ya haraka: vyeo, idara, fomu, sheria. Nani angeuliza juu ya kabati la sebuleni?

Nyumba za watumishi wa kikoloni zilipewa samani kwa ramani za idara ya kazi za umma, maarufu kwa herufi P.W.D., nzito na zisizo na madoido. Waliotaka zaidi waliwaendea mafundi wa Kihindi, ambao hawakukosekana katika miji ya reli, wakiwachorea walichokikumbuka kutoka kwao. Mbao za Ulaya zilipasuka katika ukavu wa nyanda hizi. Mninga wa misitu ya miombo, upande wa Tabora, husinyaa kidogo sana, ndiyo maana kazi ya mafundi wale bado yasimama. Na mlango wa kufunga ulikuwa na faida ambayo Paris haikuijua: vumbi. Mtu aliyewahi kuacha karatasi mezani Dodoma mwezi wa Septemba hahitaji maelezo.

Samani ya mzee wetu ilikuwa ya kazi hiyo. Aliinunua mwaka 1962 katika mnada wa vitu vya mtumishi Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Niliifungua mimi mwenyewe. Ndani mna vishubaka sita, watoto wa meza wawili wadogo katikati, na chini ya mlango watoto wengine watatu wapana. Wageni hupenda kucheka wanaposikia mtoto wa meza, lakini lugha iliyo na mtoto wa jicho haina sababu ya kuona haya. Wengine husema saraka, na mjini wengi husema droo. Kishubaka ni neno la kufaa kabisa kwa vile vijumba vya barua, kwa kuwa shubaka ni tundu la ukutani la kuwekea taa na vitu vidogo. Kwa Walamu lipo pia neno zidaka, zuri sana, ila sidhani kama mwalimu wa Manyoni atalielewa. Kati ya vishubaka viwili palikuwa na kibao chembamba ambacho ukikivuta chatoka, na nyuma yake pana nafasi ya bahasha moja. Makasha ya Unguja yenye njumu za shaba nayo huwa na siri za namna hiyo. Nilivuta pumzi, nikavuta kibao. Hapakuwa na kitu.

Mlango wenyewe ulinishinda jina. Nilimwuliza fundi aliyewahi kubadilisha bawaba zake, naye alijibu bila kufikiri: mlango wa kulala. Nimejaribu tangu siku hiyo kupata jina lililo bora kuliko hilo na sijalipata.

Nirudi kwenye lile dawati la chini ya mkwaju, maana vijana hawakuwa wajinga. Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania, dawati ni kiti na meza ya mwanafunzi vilivyounganishwa, basi. Maana hiyo ilianza na shule za wakoloni, lakini nguvu yake ya leo ni ya karibuni. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi hata wakakaa sakafuni, na mwaka huo nchi nzima ikaingia katika kampeni ya madawati. Mikoa ilihesabiwa madawati, viongozi walipimwa kwa madawati, Bunge lilitoa fedha lilizobana kwa ajili ya madawati. Mjukuu mmoja wa marehemu, seremala, alikuwa miongoni mwa walioyatengeneza. Lile la uani lilikuwa lake: lilikataliwa kwa kuwa miguu yake ilipungua kipimo, akalirudisha nyumbani. Hivyo neno lililoanza katika kidau cha sultani limekuwa, kwa kizazi kizima, jina la benchi. Wakati huo huo limepanda upande wa pili: polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, taasisi zina dawati la msaada, na hapo hakuna anayefikiria mbao. Ni "bureau" ya Wafaransa upya.

Nakiri kwamba nilikwenda Msalato na pendekezo langu tayari mfukoni. Nilikusudia kuandika katika kurasa hizi kwamba ile samani ya mlango wa kulala iitwe dawati, ili neno lirudishiwe heshima yake kutoka mikononi mwa benchi. Hoja zilikuwa nzuri. Kama ningetoa hukumu kwa hoja hizo, binti yule angepewa samani ya mninga, na kila mtu angekubali, kwa kuwa mgeni msomi kutoka mjini ndiye aliyesema.

Lakini wasia hausomwi kwa kamusi ya msomaji. Mfasiri wa hati za zamani anajua, au anapaswa kujua, kwamba swali la kwanza ni hili: mwandishi mwenyewe hulitumia neno hili wapi pengine? Nikaomba nionyeshwe madaftari ya marehemu. Karani hatupi daftari. Yalikuwapo makumi kadhaa, na katika moja la mwaka 1974, alipohama kutoka mjini na kujenga Msalato, mwaka mmoja baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, aliandika orodha ya vyombo vilivyopakiwa katika lori. Vitanda, viti, mitungi, taa za chemli. Mstari wa tisa: kabati la kuandikia, mninga, funguo mbili. Mstari wa kumi na nne, chini ya vitu vya chumbani: dawati la baba.

Shangazi alikuwa amesema kweli. Ndugu yake alikaa na samani mbili kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuzichanganya hata siku moja, kwa sababu neno alilipokea pamoja na kitu chake, kutoka kwa mtu wa pwani aliyekuja na reli.

Napendekeza, basi, kabati la kuandikia liwe istilahi ya samani hii, na mlango wa kulala liwe jina la sehemu yake. Yatasemwa kuwa ni maelezo wala si istilahi, na kwamba ni marefu. Sioni uzito wa hoja hiyo; kabati la nguo ni maelezo vilevile, wala hakuna anayelalamika. Ile yenye kifuniko cha kukunja yaweza kuitwa meza ya kifuniko cha kukunja, mpaka mafundi watakapotupa jina fupi. Dawati liachwe na benchi lake na ofisi zake za huduma, ila kila mtunga kamusi aendelee kuibakiza ile maana ya kisanduku, hata akiitia alama ya ukale, kwa kuwa bado zipo nyumba ambamo yaishi.

Neno ukale lenyewe lataka uangalifu. Wauzaji wa samani huko nje hutenga zile za miaka 100 na zaidi na zile za zama za karibuni, na nimeona zote mbili zikitafsiriwa "samani kuukuu". Kuukuu ni kitu kilichochakaa. Huwezi kumwuzia mtu kitu huku ukikitukana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mipaka yake, ambayo kwa vitu vinavyohamishika ni mwaka 1863, na kwa milango ya nakshi ni mwaka 1940. Yafaa kusema samani za kale kwa zile za kwanza na samani za zamani kwa za pili, na mfasiri wa hati ya kisheria asitumie kale kabla ya kutazama tarehe. Kabati la Msalato ni la zamani. Kisanduku sikuweza kukikadiria.

Kilifunguliwa mbele ya wote. Ufunguo ulikuwa umepotea, seremala akafungua kitasa kwa upole kuliko nilivyotazamia. Mlikuwa na kalamu tatu za nibu, muhuri wa baraza ambalo halipo tena, barua zilizofungwa kwa uzi, na katika pembe yake mwenyewe kidau cha kioo chenye wino uliokuwa umegeuka unga. Chini ya yote zilikuwamo karatasi za shamba la mizabibu. Mjomba mmoja akauliza kama "vilivyomo" ni pamoja na shamba. Hilo halikuwa swali la istilahi, nami nikanyamaza. Msimamizi wa mirathi alisema karatasi si shamba, akazichukua ili zipelekwe mahakama ya mwanzo pamoja na nyingine, na shamba likagawanywa kama mali nyingine zote.

Binti alikibeba kisanduku kwa mkono mmoja hadi kituo cha basi. Kabati la kuandikia lilihitaji wanaume wanne hata kusogezwa ukutani, na nilipopita Msalato mara ya mwisho lilikuwa bado sebuleni, mlango wake umelazwa, mtoto wa shule anaandika juu yake kazi ya hesabu.